Yangeyange Arobaini na Tatu

Kila asubuhi Prudencia alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza alipewa na mama yake: kuosha vyombo na kufagia uwanja wa nyuma kabla ya kwenda shule. Ya pili alijipa mwenyewe, na hiyo aliifanya huku mikono yake ikiwa bado kwenye maji ya sabuni. Alisikiliza ndege.

Ilikuwa mwanzoni mwa Machi, na mvua za masika zilikuwa zimeanza kunyesha Mwanza. Nyuma ya nyumba yao ya Kiseke kulikuwa na mpapai mmoja na migomba michache ambayo baba yake, fundi mitambo wa kivuko cha Kamanga, alileta miche yake kutoka kwao Kagera.

"Tetere wawili juu ya paa," Prudencia alisema bila kuinua kichwa. "Na chozi mmoja kwenye ua la mgomba."

Mama yake, Felicitas, alikuwa fundi cherehani. Alikuwa ameketi barazani akikata kitambaa cha gauni la mteja. "Umejuaje kuwa ni chozi na hata hujamtazama?" aliuliza.

"Nimemsikia, mama. Analia kama mkasi wako ukikata kitambaa chembamba."

Mama alicheka, akakata kitambaa tena, safari hii akitega sikio. Prudencia akajifuta mikono kwenye kanga, akachukua daftari lake, akasogea hadi kwenye mgomba na kumwona chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, kwa macho yake, mdomo wake mwembamba ukiwa umezama ndani ya ua. Akaandika tarehe, saa, aina ya ndege na idadi.

Daftari hilo lilikuwa la klabu ya ndege iliyoanzishwa shuleni na Mwalimu Luhende, mwalimu wao wa sayansi wa darasa la sita. "Huko Ulaya sasa hivi baridi inaanza kuisha," mwalimu aliwaambia siku ya kwanza. "Mbayuwayu waliokuja kwetu kula wadudu wanajiandaa kurudi. Tukihesabu ndege kwa wiki sita, nyumbani na ziwani, tutajua nani ameondoka, nani amebaki, na nani anajenga kiota."

Wanafunzi waligawanywa wawili wawili. Asubuhi kila mmoja alihesabu nyumbani kwake. Jumatano na Jumamosi jioni walihesabu mwaloni, mahali wavuvi wanaposhushia samaki, na hawakuruhusiwa kupita eneo la kuanikia dagaa, ambapo Mama Shimba, mwanika dagaa, na wanawake wenzake waliweza kuwaona. Wote wawili walipaswa kutia saini. Mwenzake Prudencia alikuwa rafiki yake Hellen, msichana mrefu mwenye sauti kubwa, waliyekaa naye dawati moja tangu darasa la tatu.

Nyumbani hakuna aliyemshinda Prudencia kwa kutambua ndege. Mwaloni mambo yalikuwa mengine, na hapo ndipo ilipokuwa siri yake. Kitu kikiwa mbali, kwake kiliyeyuka. Mtumbwi ulikuwa doa jeusi, na ndege wa majini walikuwa vitone vyeupe juu ya maji. Hata ubaoni hakuona vizuri. Alikaa mstari wa mbele, na bado alinakili kutoka kwenye daftari la Hellen huku akijifanya anamsahihisha.

Hakuwa amemwambia mtu. Krismasi moja walipokwenda Muleba, alimkuta Bibi Modesta, dada yake bibi, ameketi mlangoni siku nzima akiuliza kila aliyepita, "Ni nani huyo?" Watu walisema ilianza kidogo kidogo, hakuwaona watu wa njiani, mwisho hakuona hata sahani yake. Mama alihema akasema, "Macho ya ukoo wetu haya." Alisema tu kwa huzuni, kama watu wazima wasemavyo, wala hakukumbuka tena. Lakini maneno yale yalimwingia Prudencia, yakakaa. Aliona kwamba siku atakayosema haoni mbali, siku hiyohiyo atatolewa shule na kuwekewa kigoda mlangoni.

Kitu kimoja tu kilimsaidia. Klabu ilikuwa na darubini moja, iliyozungushwa kwa zamu. Prudencia alipoiweka machoni na kuzungusha kigurudumu chake, ziwa lote lilimjia. Aliwaona yangeyange, ndege weupe wenye shingo ndefu, akaona hata nyayo zao za manjano. Kisha Hellen aliichukua na kulalamika.

"Mbona kila ukiishika inaharibika? Mimi naona ukungu mtupu!"

"Labda wewe hujui kuitumia," Prudencia alijibu haraka.

Jumatano ya wiki ya tatu Hellen alishikwa na homa, hakuja shule. Siku hiyo darubini ilikuwa zamu ya mwanaklabu Nkwabi na mwenzake. Prudencia alifuatana nao hadi mwaloni. Wale wawili wakaelekea upande wao penye mawe makubwa, naye akabaki peke yake karibu na dagaa za Mama Shimba.

Alikaza macho kutazama upande wa matete, yale majani marefu yanayoota majini. Akashtuka. Matete yalikuwa yamejaa weupe! Siku zote yeye na Hellen hawakuwahi kupata yangeyange zaidi ya kumi na wawili. Leo walikuwa huku na huku, wengine chini, wengine juu, wakiyumba na upepo. Alihesabu kwa kidole, akarudia. Arobaini na tatu.

Jambo moja lilimsumbua. Hakuna hata mmoja aliyeruka, wala hakusikia sauti yoyote. "Wamepumzika," alijiambia. Mama Shimba alikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, angeweza kumwuliza. Lakini kuuliza kungekuwa kusema kwamba haoni. Akafungua daftari na kuandika: yangeyange 43.

Alhamisi Hellen alirudi, mdomo umemkauka kwa homa lakini macho yakicheka. "Arobaini na tatu! Nami ndiyo siku niliyolala kitandani!"

"Weka saini hapa," Prudencia alimwambia.

"Lakini mimi sikuwepo."

"Mwalimu anataka saini mbili, Hellen. Tukikosa moja, hesabu yetu ya jana haitapokelewa. Nimehesabu mara mbili, kweli tena."

Hellen alimtazama, kisha akaandika jina lake. Alimwamini.

Mwalimu Luhende alipoisoma ile namba alisimama kutoka kwenye kiti. Yangeyange wengi kiasi hicho mahali pamoja, mwanzoni mwa mvua? Huenda wanajenga viota! Jioni ileile, giza likiwa limekwisha ingia na matete hayaonekani, alikwenda mwaloni kumwona Mzee Mashimba, mwenyekiti wa mwalo. Wanawake wa dagaa walikuwa wamepanga kukata matete kesho yake ili watengeneze vichanja vya kuanikia, mvua isizikute dagaa zao mchangani. Mwalimu aliwaomba wangoje hadi Jumamosi, atakapokuja rafiki yake, mtaalamu wa ndege, ili wasije wakaharibu viota. Mzee Mashimba alikubali. Wanawake walinung'unika, wakaweka mapanga chini.

Ijumaa mchana mvua kubwa ilinyesha.

Jumamosi klabu nzima ilikwenda mwaloni pamoja na mtaalamu, Bwana Jonathan, aliyekuwa na darubini ndefu ya miguu mitatu. Aliisimamisha, akaielekeza kwenye matete, akatazama. Alizungusha kigurudumu, akatazama tena. Kisha akainuka, akajikuna kidevu.

"Luhende," alisema polepole, "hawa ndege wako wana maandishi."

"Maandishi gani?"

"Njoo usome mwenyewe."

Mwalimu aliinama kwenye darubini. Kwenye matete kulikuwa na vipande vya viroba vyeupe, vilivyochanwa na upepo na kunasa kila mahali, vingine vikionyesha bado maandishi ya mfuko. Wanafunzi walipokezana kutazama, na Nkwabi alipofika zamu yake akapiga kelele, "Yangeyange wa kilo hamsini!"

Watoto walicheka hadi wakashikana mabega. Mwalimu Luhende hakucheka, na Mama Shimba, aliyekuwa amesogea kuona kinachoendelea, hakucheka kabisa.

"Kwa hiyo, mwalimu," alisema akiwa ameshika kiuno, "tumeacha kukata matete kwa ajili ya viroba? Dagaa zangu za jana zimelowa zote, zimeoza. Nimewamwagia bata." Hakungoja jibu. Aligeuka, akarudi kwenye kazi yake.

Mwalimu alifungua daftari, uso wake umekunjamana. "Hellen. Jumatano ulikuwa mgonjwa. Saini hii ni yako?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Uliwaona ndege hawa?"

"Hapana, mwalimu."

"Prudencia, na wewe? Ulihesabu nini?"

Wote walimgeukia. Nkwabi alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko. Maneno yaliyomtoka Prudencia hakuyapanga. "Walikuwepo, mwalimu. Jumatano walikuwepo. Labda wameruka, viroba vimekuja baadaye."

Bwana Jonathan aliinua mabega. "Inawezekana. Ndege wana mabawa."

"Sawa," alisema mwalimu kwa sauti ya uchovu. "Sitamhukumu mtu kwa ndege walioruka. Lakini wewe, Hellen, umetia saini kitu ambacho hukukiona, na hilo halina shaka. Ijumaa ijayo ulikuwa uzungumze mbele ya shule nyingine kwa niaba ya klabu yetu. Nitamtafuta mwingine."

Hellen hakujitetea. Hakusema aliombwa, wala hakusema alibembelezwa. Alimtazama Prudencia mara moja tu, akainamisha kichwa akatazama viatu vyake.

Jioni ile Prudencia alichezea ugali hadi ukapoa. "Unaumwa?" mama aliuliza. Alitikisa kichwa. Usingizi nao ulimpa taabu. Kwa siku nyingi alikuwa amemsikia Hellen akijizoeza hotuba yake kwenye veranda ya darasa, akirudia maneno "wageni waalikwa" hadi yakatoka vizuri.

Jumapili baada ya misa alikwenda kwa akina Hellen. Alimkuta nyuma ya nyumba akifua sare ya shule.

"Umefuata nini?" Hellen aliuliza bila kuacha kufua.

"Nimekuja kukuomba msamaha. Wale hawakuwa ndege. Hata Jumatano hawakuwa ndege."

Hellen aliiachia sare ikazama kwenye beseni. "Ulijua ni viroba, ukaniacha nitie saini?"

"Sikujua! Niliona weupe tu. Hellen, mimi sioni mbali."

"Unamaanisha nini, huoni mbali?"

"Sioni. Vitu vya mbali vinakuwa kama moshi."

Hellen alimkazia macho, kana kwamba anapima kama huu nao ni uongo. Kisha akanyoosha mkono uliojaa povu kuelekea geti la jirani, ng'ambo ya barabara. "Pale pameandikwa nini?"

Prudencia alifinya macho. "Pana... pana rangi nyekundu."

"Pameandikwa 'Mbwa mkali', Prudencia! Na kila siku ukinisubiri unaegemea geti lile lile!"

Walitazamana. Kicheko kiliwatoka wote wawili, lakini cha Prudencia kiligeuka kilio katikati. Hapo ndipo alipomweleza kuhusu Bibi Modesta, kigoda, na maneno ya mama yake. Hellen alimsikiliza hadi mwisho.

"Bado nimekukasirikia," alisema hatimaye. "Jana uliniacha peke yangu mbele ya watu wote."

"Najua. Kesho nitamwambia mwalimu. Hata kama utanikasirikia mwaka mzima."

"Nitakusindikiza," alisema Hellen, akarudi kufua.

Jumatatu kabla ya kengele ya kwanza walisimama mbele ya meza ya Mwalimu Luhende.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona mapema hivi?"

Prudencia alisema yote, bila kuruka hata lile neno la "labda wameruka." Mwalimu aliinuka. Alifungua kabati, akatoa darubini, akaigeuza mikononi.

"Nilikuwa najiuliza ni nani anayeikaza hii hadi mwisho kila inapotoka kwenu," alisema. "Na umekaa mbele yangu tangu mwaka uanze ukifinya macho, nami nikidhani ni bidii. Hapo nami nilipaswa kuuliza, sikuuliza." Akaiweka darubini mezani. "Kutoona mbali si kosa, Prudencia. Lakini uliandika ulichokikisia kana kwamba umekiona, na ulipoulizwa ulimwacha mwenzako abebe peke yake. Hayo mawili ni makosa, na yote mawili utayarekebisha mbele ya waliosikia."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nawe Hellen, rafiki hatiliwi saini kwa upendo. Saini ni kusema nimeona. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Basi Ijumaa utazungumza wewe. Kajizoeze."

Siku hiyohiyo, baada ya masomo, Prudencia alisimama mbele ya klabu akasema kweli. Nkwabi alifungua kinywa ili aseme kitu cha kuchekesha, akakifunga. Kisha Prudencia alikwenda mwaloni na mwalimu kumwomba Mama Shimba radhi. Mama yule alimsikiliza huku akigeuza dagaa kwa mikono miwili.

"Viroba vile vipo pale tangu upepo wa Jumanne iliyopita," alisema. "Mwalimu alitaja viota tu, sikujua umehesabu viroba. Ungeniuliza, ningekwambia. Nilikuwa hapo, hatua chache tu kutoka kwako!" Alitikisa kichwa. "Dagaa zangu hazirudi, mwanangu. Lakini mkono wa kukata matete nauhitaji. Kesho uje, na hao wenzako waliocheka waje pia."

Walikuja wote. Wanawake walikata matete, watoto wakayabeba na kuyapanga, na mtu mzima mmoja aliingia na mtumbwi kutoa viroba vilivyonasa. Kufikia jioni vichanja vitatu vilikuwa vimesimama, navyo viroba vilijaza gunia zima.

Mama yake Prudencia alipoitwa shuleni na kuelezwa, alishika mdomo. Njia nzima ya kurudi nyumbani alimshika binti yake mkono kama mtoto wa chekechea. "Nilisema neno moja tu," alirudia. "Neno moja tu, nawe ukalibeba miaka miwili." Kesho yake hakukata kitambaa cha mtu. Walikwenda kliniki ya macho hospitalini.

Daktari alimpima kwa herufi zilizokuwa ukutani, akambadilishia vioo kimoja baada ya kingine, akamwangazia tochi ndani ya jicho. Prudencia alikusanya ujasiri. "Daktari, nitakuwa kipofu kama Bibi Modesta?"

"Bibi Modesta alipimwa na nani?"

Prudencia alimtazama mama yake. Mama akasema hajui kama aliwahi kupimwa.

"Basi siwezi kumsemea mtu ambaye sijamwona," alisema daktari. "Lakini macho yako nimeyaona. Huoni mbali, kama watoto wengi tu, na miwani inatosha. Uje nikupime tena kila mwaka. Na huyo bibi apelekwe hospitali. Wazee wengi hukaa gizani kwa ugonjwa ambao ungetibiwa, kwa sababu kila mtu nyumbani amekwisha amua kuwa ndiyo basi."

Usiku huohuo mama alipiga simu Muleba. Alizungumza Kihaya kwa muda mrefu na kwa sauti ya juu, na alipomaliza alisema Bibi Modesta atapelekwa hospitali wiki ijayo, apende asipende.

Miwani ilikuwa tayari baada ya siku kumi. Prudencia aliivaa mlangoni mwa kliniki, akasimama pale pale hadi mtu wa nyuma akamwomba njia. Kila jani la mti lilikuwa na ukingo wake. Upande wa pili wa barabara mtu alikuwa akicheka, naye aliona meno yake. Na juu ya nyaya za umeme, kile alichokuwa akidhani ni waya mnene kilikuwa mbayuwayu, mamia, wamepangana bega kwa bega, kila mmoja na mkia wake uliogawanyika. Mama alimwona akitabasamu na kufuta machozi kwa wakati mmoja, naye hakumharakisha.

Wiki ya sita, siku ya mwisho ya kuhesabu, nyaya zilikuwa tupu. Mbayuwayu walikuwa wameondoka. Mwaloni Prudencia na Hellen waliwaona yangeyange tisa, na Bwana Jonathan, aliyekuja tena, alihesabu tisa vilevile. Kisha ndege mdogo alipita kasi juu ya maji akazama ndani ya matete yaliyobaki.

"Mdiria!" alisema Hellen. "Andika mdiria."

"Uliona mdomo wake?"

"Mh... hapana. Niliona kitu cha bluu."

"Mimi niliona mkia tu," alisema Prudencia. Akaandika: ndege mmoja, hakutambulika.

Mwalimu Luhende alisoma mstari ule juu ya bega lake, akawaita wanafunzi wote wasogee.

"Katika madaftari yote ya wiki sita," alisema, "mstari huu ndio nilioupenda kuliko yote. Mtu anayesema 'hili sikuliona vizuri' ndiye nitakayemwamini akisema 'hili nimeliona.' Ukiona tisa, andika tisa. Usipoona, sema hukuona, na usione haya, kwa sababu ukisema ndipo tunapoweza kukusaidia. Ukificha, unaumia peke yako, kisha unawaumiza na wengine ambao hata hawajui umeumia. Mmenisikia?"

"Tumekusikia, mwalimu!"

Hellen alichukua kalamu. Alipitia ukurasa mzima kutoka juu hadi chini, mstari kwa mstari, kidole chake kikifuata kila namba. Aliporidhika, akatia saini.